Daktari aliyefumba macho foleni imejaa, na mama mkwe wangu aliyekuwa akisema "kichwa" tu

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo, mlio kazini na mliojificha chooni na simu.

Hili limenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili watu wasijulikane, hasa mtu mmoja ambaye akijua nimemwandika mtandaoni nitakoma. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Niko Katoro, nauza spea za pikipiki.

Wanaoijua Katoro wanajua ukifungua duka asubuhi hukai chini. Bodaboda anataka cheni sasa hivi. Mchimbaji katoka machimboni, pikipiki imemzimikia njiani, anataka plagi sasa hivi. Na mimi nimeshakuwa hivyohivyo, kila kitu sasa hivi. Mke wangu husema nikifika peponi nitawauliza malaika kwa nini hawajafungua dirisha la pili.

Nimezaliwa Shinyanga mjini, baba Mnyamwezi, mama mtu wa Kondoa. Kisukuma nimekiokota mtaani na nakiongea vizuri tu, ila mila zake nyingi nilikutana nazo nilipooa.

Sasa kwa mlio mbali na huku niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtanielewa.

Kwa Wasukuma wa vijijini, mkwe ni mkwe kweli. Mimi na mama mkwe wangu hatushikani mikono. Hatuli pamoja. Hatukai tukatazamana usoni tukapiga soga. Akiwa na jambo na mimi anampitishia binti yake, hata kama nimesimama hapohapo na nimesikia kila neno. Siyo chuki jamani, ni heshima. Na mama mkwe wangu huyu wa kijiji kimoja upande wa Nkome, heshima hiyo ameishika barabara.

Basi bwana.

Mke wangu, Mama Kabula, alijifungua mtoto wetu wa pili kwa operesheni. Mama mkwe akaja kumuuguza binti yake. Tukampa chumba cha uani, karibu na jiko, ili mimi na yeye tusigongane gongane. Nikirudi kutoka dukani nakohoa getini, yeye anaingia ndani, napita. Maisha yakaenda.

Lakini mke wangu akaanza kuniambia, mama hayuko sawa.

Anakula vijiko viwili anaacha. Hakai kitini, anasimama kutwa, au anaegemea ukuta. Jumapili haendi kanisani, yeye ambaye kijijini alikuwa anaamsha wenzake. Na anakonda. Hata mimi ambaye namwona kwa kuibia nilikuwa naona kitenge kinamzunguka mara nyingi kuliko zamani.

Mke wangu akimuuliza, anajibu "uchovu tu, mwanangu, lea mtoto".

Nikampeleka zahanati.

Hapo napo pana kituko chake. Kumpakia kwenye pikipiki yangu haiwezekani hata kufikirika, mkwe akushike kiuno! Kwa hiyo yeye anapanda bajaji, mimi nafuata nyuma na pikipiki kama askari wa msafara wa waziri. Watu wa mtaani walicheka mpaka wakazoea.

Kwa nini mimi? Kwa sababu mke wangu alikuwa na mshono, hatembei. Shemeji yangu, kaka yake, yuko Mwakitolyo anachimba dhahabu, ukimpigia simu yuko chini kwenye duara, yaani shimo la machimbo, haipatikani. Na mama mkwe Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Nani atamtafsiria kama siyo mimi?

Nikajiona mkwe bora, wakuu. Nimefunga duka, nimevaa shati la kola, nimesimama na mgonjwa mpaka ndani kwa daktari.

Daktari anauliza, "Mama anasumbuliwa na nini?"

Mimi nageuza kwa Kisukuma. Mama mkwe anajibu kwa sauti ya chini kabisa, kichwa.

"Anasema kichwa," namwambia daktari. Halafu kwa kuwa mimi ni mtu wa haraka naongeza na ya kwangu. "Na mwili kuchoka. Na homa za usiku."

Akapimwa malaria, hakuna kitu. Akapewa dawa za maumivu.

Wiki ikapita, hali ileile. Nikampeleka kwingine, hospitali binafsi. Kichwa. Wakapima presha, wakapima mkojo, wakampa dawa nyingine. Nikampeleka tena kwingine. Kichwa. Mimi naongezea, wao wanaandika, tunatoka. Hakuna aliyetutukana, hakuna aliyetufukuza, niseme ukweli. Walikuwa watu waliochoka wanaotaka kumaliza foleni, na mimi nilikuwa mtu wa haraka ninayetaka kurudi dukani. Tulielewana vizuri sana sisi.

Ngoja kidogo wakuu, kuna mteja wa breki hapa.

Haya, nimerudi.

Jioni moja narudi nyumbani namkuta mke wangu analia, mtoto ananyonya huku yeye analia.

Nikamuuliza kuna nini.

"Baba Kabula, mama anagawa ng'ombe."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba mchana kutwa mama yake alikuwa ameegemea ukuta akimwelekeza. Ng'ombe yule mwekundu ni wa kaka yako. Ndama wake ni wa Kabula. Vyungu vyangu mpe fulani. Yaani mtu ana akili zake timamu, anaongea taratibu huku anachambua mchele, anagawa mali kama anayesafiri kesho.

"Mama yangu ananiaga," mke wangu akasema. "Ananiaga na sijui anaumwa nini. Mpeleke tena, nakuomba."

Aisee, hapo niliogopa. Mimi mama yangu mzazi alishafariki. Huyu tusiyetazamana usoni ndiye mama niliyebaki naye.

Kesho yake asubuhi tukaenda kituo cha afya kimoja, sitakitaja. Msafara wetu uleule, bajaji mbele, mimi nyuma.

Foleni, jamani! Benchi zimejaa mpaka watu wamekaa kwenye kingo za maua. Tukasogea, tukasogea, mpaka tukafika karibu na mlango. Ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na mimi kwa nilipokaa namwona daktari vizuri. Kijana tu. Nilikuja kujua baadaye ni mtu wa Songea huko, Kisukuma hajui hata salamu.

Akatoka mama mmoja mle ndani amebeba mtoto, amejifunika khanga usoni. Mimi nikakaa mkao wa kuinuka, maana zamu ni yetu.

Daktari hakuita.

Akasimama, akanawa mikono taratibu kwenye ndoo ya bomba. Akarudi akakaa. Akaweka kalamu chini. Akaweka mikono juu ya mapaja, akafumba macho.

Nikasubiri. Kafumba.

Nikamgeukia jirani yangu, "Huyu anasinzia au?"

Jirani akanyoosha shingo. "Mh! Anasinzia."

Wakuu, nilipandwa. Watu wako nje wanaungua na jua, mama mkwe wangu anagawa ng'ombe, halafu mtu anapiga usingizi saa nne asubuhi! Nikaanza kuongea kwa sauti, nyie mnanijua hata humu kwenye maandishi. Nikasema kodi zetu. Nikasema hawa ndio wasomi. Benchi lote likaitikia, mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti kabisa, "Mwamsheni."

Daktari akafumbua macho. Akanitazama mimi moja kwa moja, wala hakukasirika.

"Karibuni," akasema.

Nikaingia nimevimba. Mle ndani mlikuwa na viti viwili vya wagonjwa, vimepangwa bega kwa bega. Nikakaa kimoja. Mama mkwe akakivuta cha kwake pembeni, akakigeuza, akakaa kwa ncha ametazama ukutani.

Mimi sikuona kitu hapo. Ndivyo alivyokaa kote tulikopita.

Daktari akamsalimia, "Shikamoo mama." Mama mkwe akaitikia marahaba kwa ukuta.

"Pole. Unajisikiaje?"

Nikatafsiri. Akajibu ileile, sauti ya chini, kichwa.

"Anasema kichwa," nikadaka. "Na mwili kuchoka, na homa..."

Daktari akainua mkono kidogo, kama anayezuia nzi. Kalamu yake bado ilikuwa mezani, hajaandika hata herufi. Alikuwa anamtazama mama. Akanitazama mimi. Akamtazama mama tena, namna alivyojivutia khanga upande wangu niliposema neno "mwili".

"Kaka, huyu ni nani wako?"

"Mama mkwe."

"Anaweza kuongea na wewe?"

Nikacheka kidogo. "Aah, sisi huku mkwe hatuongei naye hivihivi daktari, ni mila tu za..."

Nikaishia hapo. Ndipo nilipojisikia mwenyewe ninachokisema, wakuu.

"Naomba utupishe," daktari akasema.

"Sasa nani atatafsiri? Hajui Kiswahili!"

"Nesi wetu wa chanjo anajua Kisukuma. Nenda kapumzike nje kaka, umemsaidia sana kumfikisha."

Akamwita nesi, mama wa makamo, akaingia na kusema "Mwangaluka, mayu", yaani habari za asubuhi mama, huku anapiga goti kidogo kama binti yake. Mlango ukafungwa. Mimi nje.

Sasa oneni mambo. Dakika zikaenda, mlango umefungwa. Foleni ikaanza kunigeukia mimi! "Wewe si ulikuwa unalalamika, mgonjwa wako mbona hatoki?" Jirani yangu yule yule aliyeniambia anasinzia ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Nikatazama viatu vyangu.

Halafu nikasikia sauti ndani.

Kwanza ilikuwa ya chini. Kisha ikapanda. Ilikuwa ya mama mkwe. Anaongea, anaongea, nesi anaitikia "ee mayu, ee mayu", yeye anaendelea. Maneno sikuyashika na wala sikutega sikio. Ila wakuu, miaka yote niliyooa kwake sijawahi kumsikia mama yule akiongea sentensi tano mfululizo. Sikujua kama ana sauti nzito vile.

Kisha akalia. Kilio kirefu cha mtu aliyetua mzigo.

Na mimi, mwanaume mzima wa Katoro, nikatoka nikaenda kusimama nyuma ya pikipiki yangu nikajifanya naangalia tairi.

Kwa sababu hapo ndipo niliposhika picha nzima. Alikuwa na kitu mwilini ambacho mama hawezi kukitaja mbele ya mume wa binti yake. Afadhali afe. Na siyo maneno tu, alikuwa kweli anajiandaa kufa, anagawa ng'ombe, ili tu asiniaibishe na asijiaibishe. Na mimi kila chumba cha daktari nilikuwa nimekaa pembeni yake, na kola yangu.

Daktari alikuja kunitafuta nje.

"Tunampa rufaa aende hospitali ya mkoa. Ni kitu kinachotibika, usiwe na wasiwasi. Ila kimekaa muda, asicheleweshwe tena. Apelekwe na mwanamke."

"Anaumwa nini daktari?"

"Muulize mwenyewe."

"Siwezi kumuuliza."

"Basi na mimi siwezi kukwambia," akasema, akatabasamu, akarudi ndani. Nikamwona kupitia mlangoni ananawa mikono tena. Akakaa, akafumba macho. Benchi likaanza kunung'unika na mimi nikawaambia, "Mwacheni! Mwacheni bwana!" Wakanishangaa.

Nikamtafuta shemeji mpaka nikampata, akapanda juu kutoka huko shimoni kwake, mke wake akaja kutoka Mwakitolyo na begi. Huyo mke wa shemeji ndiye aliyekwenda na mama hospitali ya mkoa. Mimi kazi yangu ikawa kupeleka chakula na kukiacha kwa mlinzi.

Akatibiwa. Akapona.

Najua kuna watu vidole vinawawasha kuuliza alikuwa anaumwa nini. Wakuu, sijui. Naapa sijui mpaka leo. Mke wangu anajua, shemeji mwanamke anajua. Siku moja nilijaribu kumchokonoa mke wangu akanijibu, "Baba Kabula, hayo hayakuhusu, kula wali." Nikala wali. Kwa hiyo msije huku chini mkaanza kunipa majina ya magonjwa, hamtapata mtu wa kuwathibitishia.

Baadaye yule daktari akaja dukani kwangu. Hakunijua, alifuata plagi. Mimi nikamjua. Nikampa kiti, nikaagiza soda, nikamfungia plagi mwenyewe.

Nikamuuliza lile jambo lililokuwa linanikera. "Daktari, siku ile ulikuwa unasinzia kweli?"

Akacheka sana.

Akaniambia, kaka, ikifika saa nne nimeshasikia "homa, kichwa, mwili kuchoka" mara nyingi mpaka mkono unaandika dawa wenyewe kabla mgonjwa hajamaliza. Mwili uko kitini, mimi sipo. Siku ile kabla yenu nilikuwa nimempa yule mama habari mbaya ya mtoto wake. Ningewaita hapohapo ningekuwa bado naye kichwani, nyie nisingewaona.

Kwa hiyo ananawa, anakaa, anavuta pumzi kadhaa anazisikiliza zinavyoingia na kutoka, anamwacha aliyetoka atoke, ndipo anamwita mwingine. Walifundishwa kwenye semina, kwa Kizungu wanaita mindfulness. Wenzake wengine walicheka wakasema hayo ni mambo ya watu wasio na foleni. Wengine wanafanya kwa namna yao, yupo anayesali, yupo anayetoka kunywa maji.

"Na kuna siku inanishinda," akasema. "Watu wakizidi naandika tu kama mashine. Siku hizo jioni sijipendi."

Nikamwambia, lakini daktari huko si kutulia tu?

"Ndiyo ni kutulia tu. Jaribu hapa dukani kwako uone."

Nilijaribu, wakuu. Nikafumba macho katikati ya wateja wawili. Bodaboda mmoja akapiga kaunta, "Bosi umekufa?" Mpaka leo pumzi mbili ndizo ninazoweza, ya tatu mtu ananitukana. Kwa hiyo huyo kijana na foleni yake ile namvulia kofia.

Kwa nini naandika leo?

Juzi nilikwenda kijijini Nkome kuwapelekea wakwe mbegu. Nimetoka barabara kuu, nakata njia ya vumbi, mbele yangu namwona mama mmoja amejitwika ndoo ya dagaa kichwani, anatembea. Anatembea haswa, mgongo umenyooka, mkono mmoja unapepea.

Akasikia pikipiki. Akageuka. Akanitambua.

Weee! Mama mkwe aliacha njia palepale, akaingia kwenye shamba la mihogo na ndoo yake kichwani, akaruka tuta, akaruka lingine, akaenda kuchuchumaa kule katikati amenipa mgongo mpaka mkwe apite. Hakumwaga hata dagaa mmoja.

Nikazima pikipiki. Nikakaa pale njiani nacheka peke yangu huku machozi yananitoka. Miezi michache nyuma mama huyu alikuwa hawezi kukaa kitini, leo ananikimbia kwa kuruka matuta. Nimefurahi kukimbiwa, jamani. Sijawahi kufurahi hivi hata siku ya harusi, na mke wangu anasoma humu.

Nikawasha nikapita taratibu, uso mbele. Nyuma nikasikia ile sauti nzito kutoka kwenye mihogo, hakuwa anamwambia mtu yeyote, aliiambia mihogo tu, "Wabeja."

Yaani asante, kwa Kisukuma.

Nilichojifunza ni hiki. Unayempeleka mgonjwa, mfikishe, halafu utoke. Hata kama ni mama yako, mkeo, baba yako. Muulize kwanza kama anataka ukae. Usimjibie.

Na mlio madaktari na manesi humu, najua mnachoka na najua sisi ndio tunaowapigia kelele mlangoni. Fumbeni tu macho kidogo kabla hamjatuita.

Njooni mtupe na yenu. Ni nani amewahi kukutana na tabibu aliyemwona mgonjwa kabla ya kuandika dawa? Na nyie mnaofanya kazi hiyo, mnatuliaje mkiwa na benchi limejaa? Semeni bila haraka, mimi leo duka namwachia Mama Kabula, nipo hapa nawasoma.